Msuli

Kwetu Pangani msuli ni nguo:
baba aliufunga kiunoni kwa fundo moja,
akaenda nao sokoni, akalala nao.
Shuleni msuli ni kitabu:
tuliupiga usiku kucha, miguu ndani ya beseni la maji
tusije tukasinzia.
Hapa Sheffield, ghorofa ya pili, chumba kisicho na dirisha,
msuli ni nyama iliyosahau inaitwaje,
na Daktari Morwenna Pascoe ameinama juu yake
na futi kamba ya fundi cherehani.

"Arobaini na moja na nusu," anasema.
Ni paja langu la kushoto.
Nalihisi kwa macho tu.

Nilianguka Januari, ngazi za nyuma za bohari,
barafu nyembamba kama utando wa maziwa.
Ngazi sita. Watu huuliza zilikuwa ngapi,
kana kwamba hesabu yake ingekuwa na maana.

Redioni, utotoni, kila kitu kilikuwa uti wa mgongo:
kilimo uti wa mgongo wa taifa,
korosho uti wa mgongo wa wilaya,
nikadhani basi ni kitu kigumu, chuma cha reli.
Kumbe ni laini kama bokoboko,
mwembamba kuliko kidole changu cha mwisho.
Daktari alinichorea nyuma ya bahasha,
akatia alama ya wino pingili ya kumi,
akaifunika kwa kiganja,
sijui kwa nini.

Miaka tisa alifanya kazi na panya.
Kila panya namba. Mmoja tu alimpa jina,
akajuta.

Vibandiko vinane, baiskeli isiyokwenda popote.
Anabonyeza.
Miguu yangu inaondoka bila mimi,
kama watoto walioitwa na jirani:
hao, wamekwenda,
hata kuaga hawakuaga.
Yeye hatazami miguu, anatazama kioo.
"Wati sita."
Namwambia balbu ya choo changu ni wati tisa.
"Basi hatujafika chooni," anajibu,
na mkate wake wa jibini, ulioumwa mara moja tangu asubuhi,
unaanguka juu ya takwimu.

Hakuniahidi kutembea.
Nataka mfupa usilike, alisema siku ile ya kwanza,
ngozi isichimbike, moyo upate kazi ya kufanya.
Mengine sijui.
Sijui!
Walikwishanishika watu kumi na wanne wenye makoti meupe,
huyu ndiye wa kwanza kulitamka neno hilo
bila kutazama saa.
Dada yangu Mwanaidi, kwenye simu, hakulipenda.
"Daktari gani hajui?" Akanitumia mafuta ya mbuni kwa posta.
Nayapaka. Yananuka vibaya.
Daktari naye ameyaandika: aina, kiasi, mara ngapi.

Saa saba na robo usiku, ujumbe wake:
Unene umeongezeka milimita mbili.
Nimepima mara tatu. Samahani kama umelala.
Sikuwa nimelala.
Nikamwona mezani pake, soksi moja ya kijani, moja ya buluu,
anapiga msuli,
na hakuna Mwingereza hata mmoja ningeweza kumweleza
kwa nini nilicheka peke yangu gizani.

Alhamisi, umeme ulikwishazimwa,
vibandiko vinabanduliwa kimoja kimoja,
kidole gumba cha mguu kikacheza.
Mara mbili.
"Umeona?"
"Ni mtukutiko," akasema taratibu. "Si wewe. Hutokea."
Nikaitika. Nikavuta blanketi.
Akaenda hadi mlangoni, mkono kwenye swichi,
akasimama,
na akidhani simtazami
akalifungua tena daftari,
akaandika saa,
na dakika.