Vidonge vya Moto

Dukani kwa Kabugho, Kasese,
nimepanga vidonge vya moto juu ya kaunta
kama mgonjwa aliyesahau dozi yake.
Hiki cheupe kinanuka samaki wa juzi;
hiki hakinuki, ila bei yake.
"Kipi kitachemsha maji kule juu
ambako hata kiberiti hukohoa?"

Kabugho hajibu. Anamega kipande kwa ukucha,
anakiwasha kwenye kizibo cha soda,
anakipuliza.
Mwali wa buluu unalala,
unainuka.

Nachukua kumi na viwili.
Mzani wa karanga unasema gramu mia na sabini.

Baba alipanda Rwenzori na gunia la makaa mgongoni
kwa chai ya wageni.
Yake aliinywa huku chini, imepoa.