Kupiga Mtindi

Sinza wakikwambia twende tukapige mtindi
hawamaanishi maziwa.
Nilikwenda. Miaka kumi na mitatu nilikwenda,
chipsi mayai zikinisindikiza hadi mlangoni.

Mwananyamala, jeli ya baridi tumboni,
daktari akanigeuzia kioo:
"Ini lako hili. Linang'aa
kama karatasi iliyofungiwa sambusa."
Nilicheka peke yangu.

Nambua, mke wangu, hakusema neno.
Maneno ya kukata maini anayo, nayajua makali yake;
siku ile aliyaweka,
labda aliona halikubaki pa kukatwa.

Sasa kila alfajiri anagonga Shemweta
na ndoo yake ya mgando.
Usio na sukari, namwambia.
Hunitazama kama niliyefiwa.

Uchachu wake unakunja uso hadi masikioni.
Na daktari hakuahidi kitu:
"Acha ule, kunywa huu, tembea, urudi mwezi wa sita."
Basi natembea.

Jana Kibwe kapiga simu. "Kaka, umepotelea wapi?"
Nikamjibu kweli tupu, masharubu meupe:
"Nipo nyumbani. Napiga mtindi."

Akasema, "Nakuja."