Banda Namba Tatu

Hombolo, saa kumi na mbili asubuhi,
vumbi bado limelala.
Naingia bandani, nafunga zipu nyuma yangu
upesi, kama mtu anayekimbia deni:
nyuki asipite.
Nyuki mmoja tu, na hesabu ya miezi minne imeharibika.

Juzi nililibana ua jike midomo kwa klipu.
Leo chini yake kidole kimenenepa.
Hakuna chavua iliyofika, hakuna aliyebisha hodi,
na bado limejaa,
vinywele vichanga, umande, urefu wa kiganja.

Ndahani, anayezibua mipira ya matone, ananiuliza:
"Limezaa na nani?"
Nasema, na homoni yake.
Kwa majirani zake auksini husubiri mbegu
ndipo tunda liamriwe kukua.
Kwa huyu amri hutoka mapema,
kabla ya mgeni, kabla ya mahari.
Ndahani anacheka, anarudi kwenye mipira.

Nilimwozesha kwa mume wa kienyeji kutoka Mvumi,
mwenye mbegu kama meno ya mtoto.
Kitabu kilisema wajukuu watagawanyika
watatu kwa mmoja.
Wajukuu hawakusoma kitabu.
Wengine weupe ndani, wengine wamesheheni,
wengi katikati: mbegu saba, mbegu tatu,
moja iliyosinyaa.
Kumbe vinasaba hivi si hakimu mmoja,
ni kikao cha ukoo,
na kila shangazi ana neno lake.
Naandika "saba". Napasua jingine.

Jumamosi, sokoni Majengo,
Sechelela wa kachumbari alilikata, akalichungulia.
"Halichuruziki. Zuri."
Kisu kikasimama.
"Sasa mwakani nitapanda nini?"
Mama yake aliweka mbegu kwenye majivu,
ndani ya kibuyu, juu ya mafiga.

Sikumjibu.
Jibu limo kabatini, kwenye chupa ya kahawia:
maji ya fedha, fedha ile ya pete.
Nikiunyunyizia mmea wa kike nchani,
baada ya wiki kadhaa unatoa maua dume,
nami naupaka chavua yake mwenyewe
kwa brashi ya wanja niliyomwibia dada yangu.
Mbegu zinapatikana.
Ila ufunguo wa kabati
unaning'inia shingoni mwangu.

Nikanunua nyanya zake, fungu la elfu moja,
nikatoa noti ya elfu tano.
Chenji sikuidai.