Gari Chongo

Usiku, baada ya Pongwe, nikaona taa moja
ikija kati ya mikonge.
Mwenzangu huyu, nikasema, bodaboda.
Nikampigia honi ya salamu,
nikampimia njia ya pikipiki tu.

Kumbe Fuso la machungwa, chongo,
jicho la kulia limekufa.
Likanitia mtaroni,
mimi na mkungu wa ndizi wa mteja.

Asubuhi, dukani kwa Shekue, Barabara ya Nane,
Fuso lile li nje;
Semkiwa, dereva wake, yuko kaunta, anajaribu balbu.
Matusi nilishayanoa tangu kitandani.

"Nawe umefuata nini?" akaniwahi.

Nikaitazama sakafu.
Balbu ya nyuma.
Tangu Ramadhani, ukinifuata usiku, sipo.