Nusu Kidonge

Saa mbili na robo, ghorofa ya pili, Ganjoni,
juu ya duka la betri za magari,
Nyamvula hunivua miwani, hunivua pete,
hunitoa hata sarafu mfukoni.
Sumaku, asema, haina adabu mbele ya chuma.
Na kila Jumatatu, kabla ya yote,
huutafuta mkono wangu wa kulia.

Kipimo ni kidole gumba.
Huongeza nguvu kidogo kidogo mpaka kidole kiruke,
kiruke chenyewe, mimi sijakituma,
kama mtoto aliyesikia jina lake nyuma ya ukuta.
"Hamsini na mbili," aliandika wiki ya kwanza.
Kisha akaisogeza koili mbele, upana wa vidole vitatu,
na kugonga kukaanza:
kigong'ota juu ya mnazi mkavu,
atuwa, agonga, atuwa.

Mimi ni karani wa mizani, Kilindini.
Miaka kumi na tisa napima malori.
Nawajua madereva waliofunika tani moja chini ya turubai:
hunisalimu kwa sauti ndefu kuliko desturi,
huwaulizia wanangu kwa majina.
Sonona iliponishika sikuwaona tena.
Mbaazi za Saumu zikalala kwenye bakuli hadi zikachacha.
Nikawa lori tupu
ambalo mizani yasoma tani arobaini.

Daktari alikwisha kunieleza.
Kidonge cha asubuhi, kile cheupe, tusikipandishe sasa:
chashusha ukingo, na sumaku yaweza kukuvusha
ukaangukia upande wa kifafa.
Ni nadra, alisema.
(Lakini nadra nayo ina mtu wake.)
Na kile cha usiku, cha kutuliza moyo,
tukipunguze ngazi kwa ngazi, usikikate ghafla,
maana huenda chaulaza ubongo
palepale tunapobisha hodi.
"Huenda," akarudia. "Wengine hakiwadhuru kitu.
Hatujui kwa yakini. Ndiyo maana usinifiche."

Ngazi ya mwisho niliimaliza mwezi jana.
Viwili vilivyobaki nikavitia ndani ya soksi ya Idi.

Usiku wa Jumapili, mwezi wa pili,
stima imekatika, feni imekufa,
joto limelala kati yangu na Saumu kama mgeni asiyeaga.
Nikakivunja kwa meno. Nusu.
Nusu si kitu.
Nusu hata mizani haiioni.

Jumatatu kidole hakikuruka.
Hamsini na mbili: kimya.
Hamsini na tano: kimya.
Hamsini na tisa kikatikisika,
kama mtu aamshwaye kula daku ilhali hafungi.
Nyamvula hakunitazama usoni. Aliutazama mkono.
"Pengine ni usingizi tu," akasema. "Ulilala?"
Nami nikamjibu kwa sauti ndefu kuliko desturi,
nikamuulizia mamake wa Msambweni, kwa jina.

Hapo nikajisikia.
Turubai.

"Nusu," nikasema. "Na Ijumaa, nusu nyingine."
Hakunigombeza. Alifuta, akaandika, akampigia daktari,
wakazizungumza namba zangu polepole
kama watu wanaopima mchele wa arusi.
Kisha: "Leo tunaanza na hamsini na tisa. Kesho tutapima tena.
Na kesho utaniambia tena."

Nilipotoka, harufu ya asidi ya betri ilinikera.
Nikasimama pale ngazini.
Miezi mingapi tangu kitu kinikere?
Sijui kama ni sumaku, au kidonge cheupe,
au aibu tu, iliyonipiga mahali ambapo koili haifiki.

Soksi nimempa Saumu, na kile kidonge kizima kilichobaki.
Hakuuliza.
Aliitia ndani ya kopo la sukari,
akalifunga kwa kiganja, akanimiminia chai.
Ilikuwa moto. Niliungua ulimi.