YAH: Vitu Vilivyosahaulika, Chumba 309

Kwa Meneja, hoteli ya nyuma ya soko, Nizwa.
Husika na kichwa cha habari hapo juu.
Mimi Rayhana binti Msellem, fundi cherehani wa Ibra,
nililala kwenu Jumatano, usiku mmoja,
nikatoka alfajiri kuwahi basi
nikaacha, kwa bahati mbaya, vitu vifuatavyo:

mkasi, mpini umeviringwa kitambaa cha kijani;
chaja ya simu (mpeni anayeihitaji);
futi ya kupimia, ya manjano,
inchi za mwanzo zimefutika.

Hapa nimekata mistari minne.
Barua rasmi haina pa kusemea
kwamba futi ile ilimzunguka mama kiunoni
kila ikikaribia Idi:
thelathini na sita, thelathini na moja,
naye akicheka, "Kaza, usinionee haya,"
mpaka ishirini na sita,
nilipotia uzi mwekundu kuweka alama
ya gauni ambalo hakulivaa.

Badala yake naandika:
*Thamani: baisa mia tatu.*
Nasoma. Si uongo.

Kijana wenu wa mapokezi, Mmalabari, mpole,
aliniambia kwenye simu: bila barua, mama,
kabati halifunguliwi.
Basi barua ndiyo hii.
Gharama za kutuma ni juu yangu.
Mkasi ukikosekana, nitanunua mwingine.
Futi msiikunje, izungusheni taratibu,
na ule uzi, tafadhali,
anayefanya usafi asidhani ni taka
akauchomoa.

Wenu mtiifu,