N ya Newala

Kwanza, Somoe, chomoa waya wa kibodi.
Halafu ipige picha. Usijitie unajua;
nilijitia mimi, mwaka ule nafungua stesheneri,
nikaiweka N kwenye kiti cha M
na kutwa nzima nikawaandikia watu barua
za mji usiokuwepo: Mewala.

Weka kisu chini. Kisu ni cha muhogo.
Bisibisi nayo iache, ndiyo iliyoing'ata Q ubavuni,
nikajifariji kwamba Q haina ndugu huku.
Kunjua klipu mbili za karatasi,
pinda ncha zake ziwe kama vidole
vya mtu anayeokota sindano.
Moja ipite kona hii, ya pili kona inayoitazama,
zikutane chini ya kofia ya kitufe.
Sasa vuta. Juu, wima, taratibu.
Usiitikise kama unang'oa kisiki:
ndani yake kuna kishina chembamba,
kikikatika kimekatika,
gundi itakudanganya siku mbili tu.

Tk.

Umesikia? Ndiyo hiyo.

Na tazama kilicholala chini: salfa.
Njano ile ya Juni, mabomba yakinguruma mikoroshoni,
imeingia hapa na kila kiwiko kilichoegemea meza hii.
Ngozi ya korosho. Udongo mwekundu.
Unywele mmoja mrefu, si wangu, si wako.

A hubonyezwa zaidi, sikatai,
lakini punda wa huku kusini ni N:
Nanyamba, Nanguruwe, Ndanda, Nachingwea,
Nanyumbu, na sisi wenyewe.
Ndiyo maana imekuwa kipara, herufi yote imelika.
Ndiyo maana ikaanza kigugumizi,
unabonyeza moja, inatema mbili.

Unamkumbuka Mama Nnembuka wa Kitangari?
Orodha ya chama cha msingi niliichapa mimi.
Benki ikarudisha pesa zake: jina halilingani.
Alikuja na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope.
Hakupiga kelele. Angepiga ningejitetea.
Aliweka kadi yake juu ya meza,
akaweka na karatasi yangu, akahesabu kwa kidole:
"Hapa tatu. Mwaka juzi karani mwingine
aliniachia moja, akadhani nimekosea.
Baba yangu alinipa mbili."

Nilitaka kusema ni vumbi.
Nikaona vumbi halina saini pale chini,
saini ni yangu.

Haya, endelea. Spesi iache mwisho,
ina waya tumboni kama kitanda cha kukunja:
inua ncha moja kidogo, nenda ya pili, rudi,
ukiona imegoma, usishindane nayo.

Kofia zote kwenye bakuli. Maji vuguvugu, sabuni kiduchu.
Bakuli moja linatosha, ndoo unajua bei yake,
na hayo machafu mwagia mpapai.
Swichi zenyewe zisiguse maji,
hizo ni mswaki mkavu na pumzi yako.
Si hivyo! Umenipulizia salfa yote usoni.

Zianike kwenye ungo, kivulini,
jua la saa saba hukunja plastiki.
Hee, tazama alfabeti ilivyolala kama dagaa.
Hakuna anayeweza kusoma hapo,
na bado majina yote ya wilaya yamo.

Kesho zikikauka, kauka kweli, siyo kidogo,
utazirudisha kwa dole gumba, moja moja,
mpaka kila moja iitikie.

*

"Dada, imebaki moja kwenye ungo.
Haina herufi."

Ndiyo yenyewe.
Ibandike pale penye pengo. Chomeka waya.
Sasa andika jina la yule mama,
mbili tu, halafu toa kidole
tuone kama itanyamaza.